Ghala Lisilojua Maji

4 Machi

Wifi yangu,

Simu zangu hupokei, basi nimeona nishike kalamu. Barua haina mlio. Unaweza kuiacha hapo kando ya cherehani mpaka hasira ipoe, kisha ukaisoma ukiwa umekaa.

Siku ya mazishi ulisimama uani ukauliza mbele ya watu, "Mwanamume mzima anakufaje kwa mafua, na mke yupo?" Sikukujibu. Haikuwa kiburi, wifi. Swali lako lilikuwa langu pia. Mpaka leo nikipita kwenye kiti chake nalisikia.

Sasa jibu limekuja. Bwana afya alifika jana na majibu ya damu waliyomtoa hospitali. Hayakuwa mafua wala kichomi. Ni ugonjwa wa virusi vinavyoitwa hanta, na wanaovibeba ni panya wa porini. Panya mwenyewe haumwi. Anakojoa na kunya anapopita, uchafu ule unakauka, unageuka vumbi, na mtu akilivuta vumbi hilo ndipo anapoupata. Mdogo wako aliupata ghalani, siku ile alipofagia kujiandaa kupokea mbegu. Baada ya hapo alikaa wiki kadhaa mzima kabisa, anabeba magunia, anaimba vibaya kama kawaida yake. Kwa hiyo homa ilipokuja, na maumivu ya mapaja na mgongo, tulisema ni uchovu wa kazi. Kilichotushtua ni pumzi. Alikuwa amelala kitandani anahema kama mtu aliyekimbizwa. Tulipomfikisha hospitali, mapafu yalikuwa yamejaa maji.

Ghala nimelifunga. Ufunguo nimeuvaa shingoni. Najua mvua za kupanda haziko mbali, na majirani wote wa bonde hili wanategemea mbegu zetu. Lakini hakuna atakayeingia humo mpaka nijue namna ya kuingia na kutoka mzima.

Binti yako anakusalimu. Anauliza shangazi amekasirika hadi lini. Nimemwambia sijui, nitauliza.

Ni mimi,
Wifi yako


11 Machi

Mke wa mdogo wangu,

Barua imefika. Dereva wako wa lori ameikalia njia nzima, nimeisoma ikiwa na mikunjo ya suruali yake.

Panya? Mimi na marehemu tumelelewa na panya. Walinitafuna soli ya kiatu cha shule nikaenda darasani na kandambili, na hakuna aliyekufa. Babu alilala juu ya magunia katika ghala hilohilo mpaka uzee ukamchosha. Leo panya wa porini, kitu cha ukubwa wa kidole gumba, kimuangushe mdogo wangu aliyekuwa anabeba gunia kila bega? Hiyo hadithi wasimulie wageni.

Nitakwambia ninachosikia mimi huku. Wateja wangu wana midomo, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nasikia yule bwana aliyefyeka kilima kile cha juu ya ghala anakitaka na kiwanja cha ghala, aweke mashine zake. Nasikia alionekana uani kwako kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Na mara ghala linafungwa, mara ufunguo uko shingoni, mara kuna ugonjwa ambao mimi na umri wangu sijawahi kuusikia. Unganisha mwenyewe, wewe si mtoto.

Ghala lile alijenga baba yangu kwa mikono yake. Wewe umelikuta. Baba alikuwa na sheria moja tu, ghala la mbegu halijui maji. Tukitoka kucheza kwenye mvua alikuwa anatusimamisha mlangoni, tunafuta miguu kwenye gunia, kidole kwa kidole, kwa sababu unyevu kidogo tu na mbegu za msimu mzima zinaota ukungu. Alitufundisha kufagia kukavu, kona hadi kona, mlango na dirisha vimefungwa ili upepo usichanganye mbegu nyepesi. Mimi nilikuwa nafagia vizuri kuliko marehemu. Muulize. Ah, huwezi tena kumuuliza.

Mwisho wa mwezi nakuja. Ufunguo wangu ninao, alinipa baba mwenyewe. Nitalifagia kama alivyonifundisha, nitatoa mbegu, majirani watapanda. Wewe kaa na panya wako.

Mwambie binti yangu shangazi hajamkasirikia yeye.

Dada wa marehemu,
yule mnayemwita Sindano


15 Machi

Wifi,

Niite mwizi ukitaka. Usifagie.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na sikasiriki, kwa sababu pale ulipoeleza namna ya kufagia uliniandikia kifo chake bila kujua. Kukavu, kona hadi kona, mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Ndivyo alivyofanya. Hakukosea hata kidogo, baba yenu angempa zawadi. Nilikuwa nje naanika nguo. Nilimsikia anapiga chafya zake tatu, unazijua, zile zinazomkimbiza jogoo wa jirani. Kisha akatoka akakaa kwenye lile jiwe la mlangoni, mweupe kichwani mpaka kope. Nikamwambia, "Karibu babu." Akachukua ufagio akanikimbiza nao uani. Nilicheka mpaka nguo zikaanguka. Mimi nilicheka, wifi, na vumbi lile lilikuwa tayari kifuani mwake.

Bwana yule wa kilima alikuja kweli. Aliniuliza bei. Nilimwambia ghala haliuzwi, akanywa maji akaenda. Ningekueleza siku hiyohiyo kama ungepokea simu.

Sasa kuhusu panya wa baba yako. Bwana afya alimleta mama mmoja kutoka chuo, mtafiti, kazi yake kutega panya. Jirani mfuga kuku ameshampa jina, Mama Panya, na mwenyewe anaitika. Nilimsomea kile kipande cha barua yako cha soli ya kiatu. Alicheka, halafu akasema, "Wifi yako anasema kweli. Hao walikuwa panya wengine."

Akaniuliza kilima kilikuwaje nilipoolewa. Nikasema kilikuwa msitu. Akasema enzi hizo huko juu panya walikuwa wa aina nyingi, na bundi walikuwepo, na nyoka, na paka mwitu. Huyu anayebeba ugonjwa alikuwa mmoja kati ya wengi, leo ananyang'anywa chakula, kesho analiwa. Kilima kikafyekwa, kikapandwa mahindi matupu, na pembeni zikaachwa nyasi ndefu. Wenzake hawakuweza kuishi hapo. Yeye aliweza. Mwaka jana mvua zikapita kiasi, nyasi zikazaa mbegu, naye akazaa. Wakiwa wengi wanagombana na kuumana, na wakiumana wanaambukizana. Halafu mahindi yakavunwa, baridi ikaingia, wakashuka kutafuta chakula na joto. "Jengo la kwanza chini ya kilima ni lipi?" akaniuliza. Tulikuwa tumesimama mbele yake.

Nimeona mitego yake. Ni visanduku vya bati, mnyama anaingia haumii. Zamani, anasema, asubuhi alikuwa anakuta panya wa kila sura. Sasa ni sura moja tu katika kila kisanduku, kama watoto wa sare moja. Mgongo wa kahawia, tumbo jeupe, masikio makubwa. Ni mzuri, wifi. Nilitaka awe na sura mbaya.

Njia ya kuingia ghalani ipo, amenieleza. Inataka maji. Maji yenye klorini, mengi, kila kitu kilowe kabla hakijaguswa ili vumbi lisiruke. Najua unavyosikia ukilisoma neno hilo. Mimi pia nilipolisikia nilitazama mlangoni kama baba mkwe yupo.

Usije na ufagio. Njoo mikono mitupu, tukae, tupange.

Wifi yako


22 Machi

Wifi,

Umefagia?

Nijibu hilo kwanza, mengine soma baadaye.

Jana nilikuwa kilimani na Mama Panya tunakusanya mitego. Tuliporudi, jirani alikuwa ananisubiri njiani na kuku kwapani. "Wifi yako alikuja. Kashuka kwenye lori, kapita kama upepo, hata maji hakunywa. Kakaa huko ghalani, katoka, kaondoka. Nilimsalimu, hakunisikia." Nikakimbia. Mlango wa ghala ulikuwa wazi nusu, kufuli la baba linaning'inia, ufunguo wako uko ndani yake. Ufagio haupo.

Sikuingia. Nilichungulia tu nikiwa na barakoa ya Mama Panya, na giza la mle halikuniambia kitu. Siwezi kujua kama ufagio uliopita sakafuni ni wa mdogo wako au ni wako.

Kama umefagia, sikiliza. Utajisikia mzima, kesho mzima, wiki ijayo mzima. Usidanganyike. Ikija homa, au mapaja yakuume kama umepanda mlima, usiseme ni uchovu wa cherehani. Nenda hospitali kubwa, na kabla daktari hajakuuliza chochote mwambie: nimefagia ghala la panya wa porini, na ndugu yangu amekufa kwa hanta. Mwambie hivyohivyo. Sisi tulimwambia daktari ni mafua, tukapoteza siku ambazo mdogo wako hakuwa nazo.

Kufuli la baba nimeliondoa, nimenunua jingine. Ufunguo wako haufungui tena. Nichukie ukiwa hai.

Wifi yako


28 Machi

Wifi,

Dereva amerudi na barua yangu mkononi. Anasema duka lako limefungwa, mashine zimefunikwa, na mama wa duka la pili anasema hujaonekana tangu utoke safari.

Nilikaa chini palepale barabarani. Dereva akazima lori, akashuka, akakaa na mimi. Hajui kufariji watu yule. Alisema, "Sindano haifi, mama, inapinda tu." Kisha akaahidi kusukuma barua zote mbili chini ya mlango wa nyumba yako, na agonge mpaka mtu aitike.

Simu yako nayo inaita, inaita.

Nimewahi kusubiri mlango wa wodi ufunguliwe. Siwezi mara ya pili mwaka huuhuu. Andika neno moja. Andika hata tusi.

Wifi yako


3 Aprili

Wifi yangu,

Sikufagia.

Niko hai. Niliposikia dereva wako anagonga, nilidhani ni mwenye nyumba anataka kuvunja mlango. Alipitisha barua chini ya mlango, akakaa kibarazani akapiga kelele, "Sitoki hapa mpaka nisikie tusi!" Nikampa moja zuri. Akaondoka anacheka.

Barua yako ya tarehe kumi na tano nilikuwa nayo kwenye mkoba siku ile. Nilikuwa nimeisoma na sikuiamini. Niliona umeipamba. Nilikuja mapema makusudi, nikukute hujajipanga. Nikafungua mlango, nikakuta ufagio wa baba umeegemea palepale, nikaushika. Nikavuta mlango nyuma yangu nianze. Kisha macho yakazoea giza.

Wifi, hakufika kona hadi kona kama ulivyodhani, alikuwa amefagia nusu. Kuna mstari sakafuni. Upande huu safi, upande ule vumbi, na katikati nyayo zake. Aliacha kona ya ndani kabisa. Nikasogea nione kwa nini aliacha kona, maana baba asingekubali. Ndipo nikaviona viota.

Hukuniambia vilikuwa kwenye magunia yangu.

Vile vipande vya vitambaa nilivyokuwa namtumia afungie vifurushi vya mbegu, ambavyo kila mara nilimwambia usitupe, vitafaa, viweke tu kona. Kila lori, gunia. Nimeviona vimetafunwa laini kama pamba na kufinyangwa vizuri, mashimo ya duara, kimoja juu ya kingine, kona nzima. Niliitambua bluu ya sare za shule. Niliitambua njano ya gauni la harusi ya mteja wangu. Kwenye kile kitambaa cha maua nilichokushonea wewe gauni la uzazi kulikuwa na mavi kama mchele mweusi. Kitu kikatikisika ndani yake.

Nilirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango. Nilitoka na ufagio mkononi, nikasahau kwamba nimeushika mpaka lorini. Nimeufunga kwenye mfuko wa plastiki, uko nje. Sijui niufanyeje.

Nilifunga duka kwa sababu kila nikikata kitambaa naona kipande kinadondoka.

Ulijua. Kabla sijaja ulijua. Nilikuita mwizi, ukaniandikia kurasa mbili za panya na kilima, na hukugusa neno gunia.

Homa sina mpaka leo. Nimeenda hospitali nikasema vile ulivyoniagiza. Daktari kijana, akanitazama, akatoka, akarudi na daktari mzee. Wamesema nijiangalie wiki nyingi bado, na nikisikia lolote nisingoje asubuhi. Najiangalia.

Sindano


8 Aprili

Wifi yangu,

Nimelia kwa furaha, halafu nikampa jirani salamu zako ambazo hukumpa.

Nisikilize kuhusu vitambaa. Mama Panya alipomulika tochi toka mlangoni akaviona, nilimuuliza swali hilohilo kabla yako, kwa sababu nilijua siku moja utaniuliza na sikutaka kukujibu kwa huruma. Alisema wangejenga kwa nyasi, kwa maganda ya mahindi, kwa magunia ya mbegu yenyewe. Amewahi kukuta kiota kimejengwa kwa Katiba ya chama cha wakulima, yote, mpaka muhuri. Kilichowaleta ni kilima. Kilichowaweka ni ghala lenye mashimo na mbegu. Kilichomuua ni vumbi. Vitambaa vyako vilifunga vifurushi vya bonde zima, na yeye alikuwa anavichagua kwa rangi, maharage kwa nyekundu, mtama kwa njano. Mzee mmoja asiyejua kusoma alikuwa anaagiza mbegu kwa rangi ya kitambaa. Hilo ndilo ninalolikumbuka mimi kuhusu magunia yako.

Sikuligusa neno hilo kwa kuwa halikuwa na faida.

Mwaka huu hatakufa mtu mwingine kwa ghala hili. Nimeamua, na ukinijua vizuri utaona huwa siamui mara nyingi. Nyasi zote kuzunguka ghala nimezifyeka mpaka chini, na rundo la kuni lililokuwa limeegemea ukuta nimelihamishia mbali. Mashimo ya nje nimeyaziba kwa saruji na wavu wa waya, hata yale ya kupitisha kalamu tu, maana panya huyu akipitisha kichwa amepitisha mwili. Nimeacha moja, Mama Panya kaweka mitego yake hapo, waliomo ndani watoke. Majirani walitaka kupanda kilimani na viberiti wachome kila kitu. Nilisimama njiani. Niliwaambia mkichoma, panya wale hawatakaa wasubiri kuungua, watashuka kwenye nyumba zenu, na ninyi hamna kufuli la kuwazuia. Mfuga kuku akasema, "Huyu mama amekuwa bwana afya." Lakini aliweka kiberiti mfukoni.

Mbegu zilizo kwenye mapipa ya bati ni salama, vifuniko vyake vilibana. Magunia yaliyotafunwa tutayalowesha na kuyafukia, na hasara tutaikubali.

Imebaki sakafu. Mama Panya anasema atasimama nje atuelekeze. Barakoa zinazofaa anazo yeye, zile nene. Usinishonee za kitambaa, najua umeshafikiria. Hazizuii vumbi lile.

Ufagio usiuchome. Usiutikise pia. Utauleta hivyohivyo ndani ya plastiki.

Wifi yako


14 Aprili

Wifi,

Nilikuwa nimeshashona sita. Nimezitia pindo, watavaa mafundi rangi.

Basi nimeshona vitu vingine. Nimenunua turubai jepesi la makoti ya mvua, nimetoa aproni mbili ndefu mpaka kisigino, mikono imebana kwenye kiwiko, zinafutika kwa tambara. Yako nimeipunguza kiunoni, maana jirani alipokuwa akimsimulia dereva alisema umekonda. Mdomo wa jirani yako unafika huku kabla ya lori. Glavu nimenunua zile za kuoshea vyoo, nyekundu, zinatisha. Klorini nimenunua madebe, muuzaji akaniuliza kama nafungua bwawa la kuogelea.

Nimekuwa nikifikiria sheria ya baba. Siku moja mdogo wangu aliingia ghalani ametoka kuoga, nywele zinadondosha maji. Tone moja likaanguka kwenye mbegu. Baba hakumpiga. Alikaa kwenye lile jiwe la mlangoni, akamweka katikati ya magoti, akamkausha kichwa kwa shati lake mwenyewe, taratibu, kama anakausha mbegu. Akamwambia, "Maji yakiingia humu, mwakani hatuli." Alikuwa anatulinda, wifi. Alitulinda kwa alichokijua. Angeujua huu ugonjwa, angekuwa wa kwanza kubeba ndoo.

Nasema hivyo, halafu nafikiria maji yale yakimwagika sakafuni kwake na naacha kukanyaga cherehani.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Wewe ni mke wa nyumba ile na kazi yote umeifanya wewe, lakini ndoo ya kwanza niachie mimi. Kama baba atakasirika, anikasirikie mimi. Amezoea.

Nisubiri. Nakuja na lori la Jumamosi. Safari hii nitakunywa maji.

Sindano


12 Mei

Wifi yangu,

Daktari kasema muda wa hatari umepita, kwako na kwangu. Nimeisoma barua yako fupi kwa sauti nikiwa peke yangu jikoni, kisha nikaisoma tena.

Uliniuliza ghala likoje. Sakafu ilikauka siku ileile ya pili, jua la mlangoni na upepo wa dirishani. Ukungu haupo. Nimelinusa lote nikiwa nimepiga magoti. Linanuka hospitali, na majirani walipokuja kuchukua mbegu kila mmoja alisimama kwanza anakunja pua. Mfuga kuku akauliza, "Hizi ni mbegu au ni sindano?" Nikamwambia ni zote mbili, moja imesharudi kwake mjini.

Binti alijaribu maharage kwenye kitambaa chenye maji, kabla hatujamgawia mtu. Yaliota yote kasoro machache yaliyokuwa mabovu tangu mwanzo. Kitambaa kilikuwa cha bluu, kutoka gunia jipya ulilotuletea. Vitambaa vyako sasa vinakaa ndani ya pipa la bati, na kifuniko nimekigongea mwenyewe.

Mara nyingi nakuona ulivyosimama pale mlangoni na ndoo. Ulisimama muda mrefu mpaka Mama Panya akataka kusema kitu, nikamshika mkono. Kisha ukasema, "Hodi, baba," ukamimina polepole, ukianzia kwenye mstari ule aliouacha mdogo wako. Vumbi halikuruka hata chembe. Lililala. Na tulipomaliza kudeki kona ile ya ndani, tukasimama wote wawili na glavu zetu nyekundu, na wewe ukasema, "Amemaliza kufagia."

Ufagio nimeulowesha, nimeuanika, na nimeuning'iniza juu kabisa ukutani ambako hakuna mkono unaofika.

Usidhani mambo yamekwisha. Kilima ni kilekile. Mama Panya anaendelea kutega, karibu na ghala wamepungua, kule juu bado ni sura moja kila kisanduku. Tumemwendea mwenye kilima, mimi na majirani, tukamwomba ukanda wa chini auache uote miti tena, bundi wapate pa kukaa na panya wa aina nyingine warudi. Mara ya kwanza alikataa tukiwa bado tunasalimiana. Mara ya pili alitupa viti. Jumatano narudi. Nitaendelea kurudi mpaka achoke yeye, maana mimi nimeshamzika wangu, sina kinachoniharakisha.

Ndani ya bahasha hii kuna ufunguo wa kufuli jipya. Ni wako. Ukija na mimi sipo nyumbani, usinisubiri uani kama mgeni. Zunguka nyuma ufungue dirisha kwa nje, rudi ufungue mlango, halafu ukae kwenye lile jiwe. Usiingie kwanza. Acha upepo upite. Ukishapita, ingia.

Wifi yako